Maneno Yafungayo Watu

Katika lugha yo yote ile hapana maneno yatumiwayo mara nyingi na kuchunguzwa mara chache kama yale yatajayo jinsi watu walivyofungamana wao kwa wao. Twasema ndugu, rafiki, jirani, jamaa, somo, mkwe na mtani tangu asubuhi hata jioni, wala hatusimami kuuliza kila moja ya maneno hayo limetoka wapi na limekuja na mzigo gani. Nia yangu katika kurasa hizi ni kukuomba wewe msomaji usimame kidogo. Lakini nakuomba pia ujihadhari, maana ziko namna mbili za kueleza asili ya neno: iko ile ya kutafuta ushahidi, na iko ile ya kutunga hadithi nzuri. Hii ya pili ni nyepesi na hupendwa na watu, nami nimeisikia darasani, mikutanoni, na hata nimeisoma katika vitabu ambavyo vingepaswa kujua zaidi.

Tuanze na kitenzi kimoja cha Kibantu, nacho ni kufunga. Tazama jinsi kilivyozaa. Mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga ndoa, hufunga Ramadhani. Kutokana nacho tumepata kifungo, ambacho ni kitu kidogo cha kushikilia shati na tena ni miaka ya mhalifu gerezani. Tumepata mfungo, na mfungwa, na mfungamano. Hivyo kitenzi kimoja chatumika kwa furaha ya arusi na kwa huzuni ya gereza. Kiarabu nacho kina jambo kama hilo, kwani neno lake la mapatano ya ndoa, akdi, hutokana na kufunga fundo. Siku hizi Serikali ikikopa fedha hutoa hati fungani, na mahakama ikimwachilia mshtakiwa hutaka dhamana, yaani mtu mmoja hujifunga ili mwingine afunguliwe. Sioni mfano ulio bora zaidi wa maana ya ujirani kuliko huo, ingawa umetoka kortini.

Vifungo vya namna nyingine vimeacha alama yake katika nchi hii. Mji wa Kitale, ambao leo wajulikana kwa mahindi yake na kwa reli iliyofika mwaka wa 1926, husimuliwa kuwa ulikuwa kituo cha misafara iliyopeleka watumwa pwani kabla ya walowezi wa Kizungu kuingia, na penye klabu ya zamani ya mji pana duara la mawe ambalo wageni huonyeshwa na kuambiwa kuwa ndipo watumwa walipowekwa. Kutoka katika biashara ile Kiswahili kilibaki na maneno kama pingu, mnyororo, na kongwa, yaani ule mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka. Lakini neno lenyewe la mtumwa ni la ajabu zaidi kuliko hayo. Kwa umbo lake ni mtu anayetumwa, basi. Halina mnyororo ndani yake. Na mtume, yaani yule aliyeletwa na Mungu kwa watu, ametoka katika kitenzi hicho hicho cha kutuma. Watu wawili walio mbali kabisa katika heshima ya dunia wametoka katika mzizi mmoja, na tofauti yao haimo katika mzizi. Imo katika swali la nani aliyemtuma, na kama huyo aliyetumwa aliulizwa. Basi jifunze hapa tahadhari ya kwanza: mzizi wa neno hautoi maana yake yote. Mtu akikuambia kuwa neno fulani “hasa hasa” maana yake ni hii kwa sababu asili yake ni ile, mwulize kuhusu mtume na mtumwa.

Maneno yetu mengi ya urafiki yalikuja na jahazi. Rafiki kwa Waarabu ni mwenzi, hasa mwenzi wa njiani, na mzizi wake hutaja pia upole. Na kwa kweli safari ndefu hufundisha haraka ni nani mpole na ni nani asiye mpole. Jirani lina kisa cha kuchekesha. Katika Kiarabu mmoja huitwa jar, na wengi ndio jirani. Sisi tuliupokea wingi tukaufanya umoja, kisha tukauvika wingi wetu wenyewe tukasema majirani. Ni kana kwamba Mswahili hakuweza kumfikiri jirani aliye peke yake. Maelezo hayo ya mwisho ni mzaha wangu, usiyaandike katika mtihani.

Jamaa nalo latoka katika mzizi wa kukusanya, ambao pia umetupa jamii, jumuiya na Ijumaa, siku ya kukusanyika. Lakini lilipofika kwetu liliingia nyumbani, likawa jina la watu wa mlango mmoja. Ndiyo sababu Mwalimu Julius Nyerere alipotafuta, mwaka wa 1962, jina la siasa aliyotaka Tanganyika iifuate, hakuchukua neno la wataalamu, alichukua hilo la nyumbani akalifanya Ujamaa, na mwaka wa 1967 Azimio la Arusha likalipa nguvu ya siasa ya taifa. Kama mhakiki wa maneno nasema alichagua vizuri sana. Neno lilieleweka na mama aliyekuwa akitwanga mahindi bila ya kufasiriwa. Lakini palikuwa na hatari katika uzuri huo huo, kwani jamaa haamriwi kuwa jamaa. Na kati ya 1973 na 1976 wakulima wengi walipohamishwa kwa nguvu kwenda kukaa katika vijiji vipya, neno la nyumbani lilianza kunukia ofisi. Hapa Kenya Jomo Kenyatta alichukua mwaka wa 1963 neno Harambee, mwito wa watu wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja. Wapo wasemao kuwa neno hilo ni sala kwa mungu wa kike wa Wahindi iliyoletwa na mafundi wa reli. Ushahidi wanaoutoa ni mlio wa neno tu. Weka jambo hilo akilini, maana tutarudi kwenye mlio wa maneno sasa hivi.

Kabla ya hapo niruhusu niseme kidogo juu ya ndugu. Hili ni la Kibantu, halikuja na jahazi. Methali yetu yasema kuwa undugu ni kufaana, si kufanana. Wanafunzi huisoma methali hii haraka mno, wakidhani ni nasaha tu. Isome tena polepole. Inachukua maneno mawili yaliyotenganishwa na sauti moja, ile n ya katikati, na katika nafasi hiyo nyembamba inaingiza hoja nzito: kwamba sura, damu na ukoo, mambo ambayo kila mtu hudhani ndiyo undugu, siyo undugu. Methali nyingine za udugu huisifu damu, hii inaipinga. Wala haisemi kwa upole. Neno “si” lililomo ndani yake lina makali, nami nadhani aliyeitunga alikuwa amekwisha kuachwa na ndugu zake siku ya shida.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Miaka kadhaa iliyopita mwanachuo mmoja katika chuo cha ualimu aliniletea insha juu ya marika ya Wabukusu. Huenda wajua, msomaji, kwamba Wabukusu wa Bungoma hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti kila baada ya miaka miwili, katika miaka igawanyikayo kwa mbili, kama 2022 na 2024, na kwamba waliotahiriwa pamoja ni bakoki, neno ambalo kwao lina uzito unaokaribia ule wa ndugu wa tumbo moja. Tohara za miaka kumi hivi hukusanywa katika rika moja lenye jina. Majina yote ni manane. Yakiisha huanza tena, hivyo kijana wa leo huweza kubeba jina la rika alilobeba babu wa babu yake yapata miaka mia moja iliyopita. Mwanachuo yule alieleza kwamba rika la Chuma liliitwa hivyo kwa sababu vijana wake walikuwa wagumu kama chuma, na kwamba rika la Sawa liliitwa hivyo kwa sababu waliotahiriwa pamoja wote ni sawasawa, hapana mkubwa wala mdogo. Insha ilikuwa nzuri. Iliandikwa kwa mwandiko safi, na fikra zake zilikuwa za kupendeza. Nami nikakaribia kumpa alama za juu.

Badala ya kumjibu nilifanya jaribio. Nilimwita ubaoni yeye na mwenzake aliyetoka upande wa Kitale, ambaye ni Mkalenjini. Nikamwomba huyu wa pili asubiri nje. Kijana wa Bungoma akaandika marika yake kwa utaratibu wake: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Nikayafunika kwa karatasi, nikamwita mwenzake aandike ya kwao. Akaandika: Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo, Sawe. Nilipoondoa karatasi wengine walicheka, wakidhani nimewapangia mchezo. Kisha wakaanza kusoma safu zile mbili kwa kulinganisha, jina kwa jina, kutoka juu hadi chini.

Fikiri jambo hilo lilivyo kubwa. Kibukusu ni lugha ya Kibantu, jamaa wa Kiswahili. Ukisikiliza vizuri utatambua ngeli zake na vitenzi vyake. Kikalenjini ni cha jamii ya lugha za Kiniloti, na hapana sarufi mbili zilizo mbali zaidi katika nchi hii ya magharibi. Hata hivyo majina ni manane kwa manane, na mpangilio ni ule ule. Majina mawili yafananayo yaweza kuwa bahati. Majina manane yafuatanayo kwa utaratibu mmoja si bahati. Tena angalia majina yenyewe yanavyoonyesha njia yaliyopitia. Katika Kikalenjini kip- ni kiambishi kijulikanacho sana, ndicho kilicho mwanzoni mwa majina ya wanaume kama Kiplagat na Kiprotich. Katika Kikwameti ya Wabukusu kiambishi hicho kimepoteza sauti yake ya mwisho, na hakina kazi wala maana. Kitu kilicho na maana katika nyumba moja na kisicho na maana katika nyumba ya pili, aghalabu kimeazimwa na nyumba ya pili.

Basi chuma kiko wapi? Hakipo. Chuma cha Wabukusu ni Chumo cha Wakalenjini, na neno sawa la Kiswahili, ambalo lilitoka Arabuni, halikuhusika hata kidogo na Sawe. Mwanachuo yule alidanganywa na sikio lake, kwa kuwa sikio lake limezoea Kiswahili. Na lau angalikuwa Mtiriki, wa kule kusini zaidi, angalidanganyika vibaya zaidi, kwani Watiriki, ambao nao wana marika ya namna hiyo, huliita rika lile Juma. Ni nani asingeapa kuwa Juma ni mtoto wa Ijumaa? Ndiyo maana nasema mlio wa neno ni shahidi mmoja tu, tena shahidi mlevi. Asikilizwe, lakini asiaminiwe mpaka aje na wenzake.

Kanuni hii yatubana sisi wenyewe pia. Wagikuyu wana vizazi viwili vipokezanavyo, Maina na Mwangi, na mwanachuo mwingine aliinua mkono akauliza kama Maina wa Wagikuyu si yule yule aliye ubaoni. Swali lilikuwa la akili. Lakini hapo tuna jina moja, hatuna manane. Hatuna utaratibu ulio mmoja. Na mpango wenyewe wa vizazi viwili si mpango wa marika manane. Nikamwambia kuwa mtu aliyekataa chuma kwa kukosa ushahidi hawezi kupokea Maina bila ya ushahidi.

Wabukusu wenyewe wana masimulizi yao juu ya mambo haya. Husema kwamba Mango, mtu wa ukoo wa Bakhurarwa, alimvizia na kumwua joka kubwa lililokuwa likimaliza watu, akamkata kichwa pangoni, mahali ambapo hata leo pajulikana kwa jina lake, Mwiala wa Mango. Barwa, ndilo jina ambalo Wabukusu huwapa majirani wao wa Kikalenjini, walipoona ushujaa ule walimtahiri, na kwa njia hiyo tohara ikaingia kwa Wabukusu. Msomaji mkali atasema kuwa hadithi ya joka haiwezi kuwa historia. Nami sibishani naye juu ya joka. Lakini kuna jambo katika hadithi hiyo ambalo mtungaji wa kujisifu asingeliweka. Kila taifa hupenda kusema kuwa mila yake iliyo kuu ni yake mwenyewe, aliipata kwa Mungu au kwa babu yake wa kwanza. Wabukusu, katika mila waionayo kuwa kuu kuliko zote, wakiimba na kucheza mbele ya watu wote, husema: hii tulipewa na jirani. Watu hawatungi uongo wa namna hiyo. Masimulizi yasema hivyo, na majina manane ubaoni yasema hivyo, na mashahidi hawa wawili hawakupanga maneno pamoja.

Utaniuliza: ya nini kusumbuka na majina ya kale? Nitakujibu kwa miaka. Kati ya 1991 na 1993 nyumba zilichomwa katika Trans Nzoia na kando ya Mlima Elgon, watu wakauawa, na maelfu wakakimbia mashamba yao. Kati ya 2006 na 2008 damu ilimwagika tena upande wa Mlima Elgon kwa sababu ya ardhi. Wakati wa mambo hayo maneno mawili ya Kiswahili, ambayo wewe na mimi hudhani ni ya adabu, yalifanya kazi ya panga. Maneno hayo ni mwenyeji na mgeni. Ubishi wenyewe ulikuwa wa zamani. Kabla ya Uhuru wa 1963 watu walikwisha kuvutana kama Kitale iwe ya Magharibi au ya Bonde la Ufa. Hata jina la Trans Nzoia lilitungwa na mtu aliyesimama upande mmoja wa mto akaitazama nchi ya pili: maana yake ni ng'ambo ya Nzoia. Kwa aliyezaliwa huko siyo ng'ambo, ni nyumbani.

Mwenyeji, ukilifungua neno, ni mwenye mji. Laanza na umiliki. Mgeni latoka katika mzizi wa Kibantu ulioenea sana. Wagikuyu husema mũgeni, Wabukusu husema omukeni, na katika lugha hizi mtu asiyejulikana na mtu anayepikiwa kuku ni neno moja. Hapa naona hekima ambayo watu wa 1992 waliisahau. Methali yetu yamsema mgeni kuwa ni wa siku mbili, na ya tatu apewe jembe. Wengi huitumia kwa mzaha wanapotaka mgeni aondoke. Lakini soma ilivyo: methali haisemi ya tatu afukuzwe. Yasema apewe jembe, na mtu aliyepewa jembe amepewa pia mahali pa kulima. Siku ya tatu ndiyo mwisho wa ugeni. Sijui methali hiyo ilipotafsiriwa katika siasa ni nani aliyeigeuza jembe likawa panga.

Majina ya makabila yenyewe yafaa yatazamwe kwa jicho hilo, maana mengi tunayoyapigania si ya kale kama tudhanivyo. Serikali ya Kiingereza iliwaita watu wa huku Wakavirondo, na Wabukusu walijulikana kwa jina la Kitosh mpaka miaka ya 1950. Yote mawili ni majina waliyopewa na wengine. Jina la Abaluyia lilipata nguvu katika miaka ya 1930 na 1940, na hufasiriwa kuwa ni watu wa oluyia, yaani mahali penye moto nje ya boma ambapo wazee wa ukoo hukutana kuota moto na kuzungumza asubuhi. Kalenjin nalo lilienea katika miaka ya 1940, na maana yake ni “nakwambia.” Tazama basi: majirani wawili, karibu wakati mmoja, walitafuta jina la kuunganisha makabila madogo madogo. Mmoja akachagua mahali pa kuzungumzia; wa pili akachagua mazungumzo yenyewe. Kwa kipimo cha uhakiki wa maneno sijapata kuona majina mawili yaliyostahili zaidi kukaa karibu, na ni msiba kuwa wenye majina hayo wamenyamaziana mara nyingi.

Wazee walijua kuwa kunyamaziana huko hakuvunjwi kwa maneno matupu. Katika sehemu mbalimbali za magharibi, watu waliopigana walipotaka amani walimkata mbwa vipande viwili, na atakayerudia vita akatakiwa apatwe na yaliyompata mbwa. Desturi hiyo yaweza kukutisha. Lakini katika Biblia, kitabu cha Mwanzo, wanyama hukatwa vipande pale agano lifanyikapo, na Kiebrania husema “kukata agano” kama sisi tusemavyo kula kiapo au kula yamini. Yamini ni mkono wa kuume katika Kiarabu, na ndiyo kiapo pia, kwa kuwa mkono huo ndio utolewao. Neno letu wenyewe la agano si la kukata wala la kula. Latokana na kuagana, na kuagana kuna maana mbili: kupeana ahadi, na kupeana kwa heri. Maana hizo mbili huonekana kupingana mpaka ukumbuke ni lini watu huwekeana ahadi. Huwekeana wanapoachana njia. Aliye karibu nawe humwekei ahadi, wamwona.

Nimalizie na majina mawili madogo. La kwanza ni Bungoma. Wengine husema mji huo umeitwa kwa neno la ngoma, kwa kuwa wazee walikusanyika hapo na ngoma zikalia. Wengine husema umeitwa kwa Wabong'omek, watu wa jamii ya Sabaot waliokaa nchi hiyo zamani, na ambao wengi wao leo husema Kibukusu. Wanachuo wangu karibu wote walichagua ngoma. Ni hadithi nzuri, na yafurahisha kuwa na mji wenye jina la ngoma. Mimi naegemea Wabong'omek, kwa sababu ambayo sasa wewe msomaji waweza kuisema mwenyewe: ngoma inategemea mlio wa neno peke yake, ambapo Wabong'omek wapo, walikaa hapo, na wana jina lao. Na kama ni hivyo, mji mkuu wa Wabukusu hutaja kila siku jina la watu ambao si Wabukusu, na kila barua iliyoandikiwa Bungoma huwaamkia bila ya kujua.

La pili ni Barasa. Utawakuta akina Barasa wengi kuanzia Kimilili mpaka Kitale, kama utakavyowakuta akina Wafula waliozaliwa wakati wa mvua, akina Simiyu waliozaliwa wakati wa kiangazi, akina Wanjala waliozaliwa wakati wa njaa, na pacha waitwao Mukhwana na Mulongo, majina ambayo mwenye kuitwa mojawapo hutangaza kuwa hakuja duniani peke yake. Barasa ni mtoto aliyezaliwa siku ya baraza la chifu. Kibukusu hakina sauti ya z, hivyo neno lilipofika huko lilivuliwa z likavikwa s, likawekwa katika jina la mtoto. Na kabla ya kuwa mkutano wa chifu, kabla ya kuwa Baraza la Mawaziri, neno hilo kule Lamu na Mombasa lilikuwa jina la kiti cha jiwe kilichojengwa nje, kando ya mlango wa nyumba, ambapo mwenye nyumba huketi jioni na mpita njia akikaribishwa huketi pamoja naye.